Msiba wa Kiboko na Likizo ya Kina Nguchiro

Masikio yapo?

Yapo.

Yako wazi?

Yako wazi.

Kuna aliyefuata karanga tu?

Yupo, lakini atasikiliza.

Basi akae mbele nimwone.

Mimi shangazi yenu nikisimulia sipendi kukatwa. Anayetaka kwenda chooni aende sasa hivi. Anayeijua hadithi hii kuliko mimi aje akae hapa nilipokaa, mimi niende zangu nikapumzike. Hakuna? Haya, tulieni.

Palikuwa na Nguchiro. Mnamjua Nguchiro? Mnyama mdogo, mwembamba, mwenye mistari mgongoni, anatembea mbiombio utadhani amesahau kitu jikoni. Huyu wa kwetu aliitwa Kalunde. Aliishi kwenye kichuguu kimoja na ukoo mzima, jumla yao kumi na watatu. Mkubwa wao alikuwa Bibi Nyamizi, mama yake Kalunde. Alikuwapo na Maganga, kaka yake Kalunde, mvivu wa mikono lakini si wa mdomo. Waliobaki ni wake, waume, watoto na wajukuu, na sitawataja mmoja mmoja maana tutakesha.

Basi Bibi Nyamizi alizaliwa bwawani, akaolewa huku juu penye ukame. Tangu aolewe hajarudi. Siku moja asubuhi akawaita wote akawaambia, "Wanangu, macho yangu yanafifia. Kabla hayajafunga kabisa nataka twende bwawani tukapumzike. Nitie miguu yangu majini, niwaone mkicheza. Lakini twende wote. Sitaki wanne waende leo na watano mwaka kesho. Nataka niwaone wote pamoja, mara moja tu, inanitosha."

Maneno yale yalimwingia sana Kalunde. Tatizo ni kwamba bwawa lilikuwa na mwenyewe.

Mwenyewe ni Kiboko. Na msiniulize nani alimpa. Hakulichimba, hakulijaza, alilikuta limejaa. Ila alikuwa mkubwa, basi alilala kwenye njia ya kuingilia akasema hapa ni kwangu, na nani angebisha? Akamweka Korongo mlangoni asimame kwa mguu mmoja. Kazi ya Korongo ilikuwa kusema neno moja tu: "Kila kichwa boga moja." Tembo akija, kila kichwa boga moja. Panya akija, kila kichwa boga moja. Mwenye kichwa kama kunazi na mwenye kichwa kama pipa, wote boga moja. Maboga yote Kiboko aliyarundika ghalani mwake kwenye matete, akawa anayala peke yake, hata mbegu hatemi.

Kina Nguchiro wakakaa kikao. Jamani, kupanga safari ya ukoo kunachosha kuliko safari yenyewe. Mimi nazipanga za ukoo huu kila mwaka na mnajua mnavyonitesa. Watoto wakasema wanataka mahali pa kuserereka. Mke wa Maganga akasema anataka watoke alfajiri jua lisiwakute njiani. Maganga akasema anataka kivuli, na asiulizwe kitu mpaka siku ya kurudi.

Wakaenda shambani kuangalia maboga. Yalikuwa manne.

Maganga akasema, "Vichwa kumi na vitatu, maboga manne. Si rahisi? Waende wanne."

"Wanne gani?" akauliza Kalunde.

"Mimi, kwa kuwa ni mwanamume mkubwa. Halafu na watatu wa kunibebea vitu."

"Na mama je?"

"Mama anatembea polepole, atatuchelewesha. Tutamletea maji ya bwawa kwenye kibuyu, atie miguu hapahapa nyumbani. Maji si maji?"

Bibi Nyamizi alivuta ungo akaanza kupepeta karanga, na karanga zenyewe zilikuwa zimeshapepetwa jana. Kalunde alimwona, moyo ukamuuma kweli. Akasema, "Hatuendi wanne. Tunaenda wote au haendi mtu. Nipeni boga moja niende kwa Kiboko nikaongee naye. Wengi wakija pamoja hupunguziwa, hata sokoni ni hivyo."

Akabeba boga lake kichwani, tii, tii, tii, mpaka bwawani. Akakuta foleni: Pundamilia, Nyumbu, Ngiri na wanawe, kila mmoja na boga lake.

"Kila kichwa boga moja," akasema Korongo.

"Nimekuja kuonana na mzee," akasema Kalunde.

Maji yakachemka, bubujububuju, Kiboko akatokeza. Mfuuu.

"Shikamoo, Mzee Kiboko."

"Marahaba. Boga liko wapi?"

"Ni hili, lakini nimelileta la kuonyesha tu. Sisi tuko wengi, tuna mama yetu mtu mzima, nilikuwa naomba utupunguzie ili..."

Gwafu. Boga halipo. Nyam, nyam, gudu, limeshuka na kikonyo chake.

Kalunde akasimama mdomo wazi. "Mzee, umekula boga langu na mimi sijaingia."

Kiboko akajilamba. Akaona foleni yote inamtazama, na hata mwenye nguvu hapendi kuitwa mwizi mbele ya watu. Akatafuta neno, akalipata. "Kwani umekasirika?" akasema. "Hukuambiwa kwenu? Viboko na nguchiro ni watani. Babu yangu alimkanyaga babu yako mkia mwaka ule wa ukame, tangu siku hiyo ni watani. Mtani akila cha mtani wake hakuna kesi. Na anayekasirika anatozwa faini, na faini anaitaja yule aliyekasirikiwa. Si ndiyo desturi, Korongo?"

"Ndiyo desturi," akasema Korongo.

Foleni nzima ikacheka, hehehe, kicheko cha kuogopa.

Sasa utani nyie mnaujua, mmekua nao. Mtani anaingia kwako bila hodi, anafunua chungu, anakusema wewe na ukoo wako, na wewe unatakiwa ucheke. Lakini utani wa viboko na nguchiro? Hakuna aliyewahi kuusikia. Kiboko aliutunga palepale, boga likiwa bado kooni.

Kalunde akainamisha kichwa upande mmoja. "Watani?" akauliza.

"Watani."

"Kabisa?"

"Kabisa. Mbele ya hawa wote."

"Haya. Asante, mtani."

Akageuka akaondoka mbiombio, mikono mitupu, anaimba. Pundamilia akamwambia Nyumbu kwamba jua limempanda kichwani yule, maskini.

Alipofika nyumbani akasema, "Fungeni mizigo. Maboga yaacheni shambani."

Maganga akauliza, "Na mlangoni tutatoa nini?"

"Hatutoi kitu. Kiboko mwenyewe ametangaza utani na sisi, na foleni nzima imesikia."

Wakatoka alfajiri kama mke wa Maganga alivyotaka. Walichukua karanga na mkeka mmoja, basi. Walikwenda mwendo wa Bibi, hatua, pumzika, hatua, pumzika, na hakuna aliyenung'unika isipokuwa yule mnayemjua. Bibi na wajukuu wake wa kike walitaniana njia nzima. Wao walimwita mke mwenza, wanamwambia magoti yake yanalia kama mlango usiotiwa mafuta. Yeye akiwaambia hata yakilia, babu yenu alinichagua mimi, nyinyi hamkuwapo. Huyo bibi alikuwa na mdomo, nawaambia.

Wakafika.

"Kila kichwa boga moja," akasema Korongo.

"Mtani," akasema Kalunde, akapita.

"Mtani," akasema mke wa Maganga, akapita.

"Mtani," "mtani," "mtani," wakapita watoto chini ya mguu wa Korongo, fya, fya, fya, mpaka wakatimia kumi na watatu. Korongo akafikiri kidogo, akabadilisha mguu.

Mfuuu. Kiboko akatokeza. "Nani hawa? Maboga yao yako wapi?"

Bibi Nyamizi akajongea na fimbo yake, akakunja uso kumtazama vizuri. "Huyu ndiye mtani wetu? Mliniambia ni mkubwa, mbona naona amevimba tu? Na masikio hayo ni yake au ameazima kwa panya?"

Ngiri akashindwa kujizuia, akacheka. Akacheka Nyumbu. Wakacheka wote, na safari hii hawakuwa wanaogopa.

Kiboko akatoa macho, akavuta pumzi. Kalunde akamwuliza kwa upole kabisa, "Umekasirika, mtani?"

Kiboko akamwangalia Korongo. Korongo akaangalia mawingu. Kiboko akasema, "Sijakasirika."

Basi likizo ikaanza.

Siku ya kwanza walichukua kivuli cha Kiboko, pale pazuri alipokuwa akijilaza mchana. Wakatandika mkeka. Kiboko akaja, akakosa hata pa kuweka kidevu.

"Umekasirika, mtani?"

"Sijakasirika."

Siku ya pili watoto waligundua mgongo wake. Wanapanda mkiani, wanaserereka kichwani, wiii, chubwi. Wanarudi, wiii, chubwi. Kuanzia asubuhi hadi jua linazama, wiii, chubwi.

"Umekasirika, mtani?"

"Sijakasirika." Lakini alisema meno yamebana.

Siku ya tatu Maganga aliingia ghalani bila hodi, akatoka na boga, akakaa mbele ya pua ya Kiboko akalila polepole, anasifia. Halafu akamwomba chumvi.

"Umekasirika, mtani?"

"Siiijakasirika."

Mnacheka. Lakini hamjauliza habari za Bibi. Bibi alikuwa bado hajatia miguu majini. Bwawa lile kingo zake zilikuwa za kutelemka, kwa vijana hakuna shida, wanaruka. Kwa mtu mzima kulikuwa na sehemu moja tu ya kushukia, penye mchanga, maji ya kifundo, na hapo ndipo Kiboko alipojibwaga tangu alipoporwa kivuli. Alijua anachofanya. Mtani unaweza kula chakula chake, unaweza kumpanda mgongoni, lakini hakuna desturi ya kumhamisha mtani alipolala. Bibi alikaa kwenye mkeka siku tatu, anawasikia watoto chubwi, chubwi, na kila akiulizwa anasema hajambo. Kalunde alimsikia akimuuliza mjukuu wake maji yana rangi gani leo, na hapo akajua siku za macho yake si nyingi. Aliwaza sana, hakupata la kufanya.

Aliyempatia ni Kiboko mwenyewe.

Asubuhi ya nne Kiboko alimwita Korongo akamnong'oneza, "Mwenye nyumba akifa, wageni waliokuja kupumzika hufanya nini?"

"Huaga wakaondoka," akasema Korongo.

"Basi nimekufa."

"Tangu saa ngapi, mzee?"

"Tangu sasa. Katangaze."

Korongo alikuwa na neno la kumwambia, mimi nina hakika. Lakini alikuwa ameajiriwa kujibu anachoulizwa, na hakuulizwa. Kiboko akageuza tumbo juu palepale kwenye mchanga, akatoa ulimi. Korongo akatangaza: mzee hatunaye.

Kina Nguchiro wakakusanyika. Maganga akaanza kukunja mkeka kwa masikitiko, maana kile kivuli alikizoea. Kalunde akamshika mkono. "Unakwenda wapi? Tumefiwa na mtani wetu. Mtani akifa nani anachimba kaburi?"

"Watani," akasema Maganga.

"Nani anapika msibani?"

"Watani," wakasema watoto.

"Nani anakaa na marehemu anamwigiza na kumsema mpaka wafiwa wacheke?"

"Watani," akasema Bibi Nyamizi, na tayari alikuwa anatafuta fimbo yake.

Hapo Kiboko alikumbuka. Mtu yeyote wa huku kwetu angekumbuka mapema, wageni huondoka msibani, watani ndio hufika. Lakini maiti haiwezi kusema nimebadilisha mawazo, basi akabaki na ulimi nje.

Mke wa Maganga akafungua ghala. Maboga yote yakatoka, yakapikwa, bwawa zima likaitwa. Wakaja Pundamilia, Nyumbu, Ngiri, Tembo, Panya, wakila maboga waliyoyaleta wenyewe. Kiboko alisikia gudu, gudu, gudu kila upande, na harufu ikamwingia puani. Tumbo lake likanguruma, nguuu. Kalunde akasema maskini, roho ndiyo inatoka.

Kisha Bibi Nyamizi akaingia katikati. Akatanua miguu, akavimbisha mashavu, akatembea kwa kuyumba, akasema kwa sauti nzito, "Kila kichwa boga moja." Ngiri alianguka chini kwa kicheko. Bibi akaigiza Kiboko anavyoota jua, akaigiza anavyotafuna akiangalia kama kuna anayemtazama, akaigiza anavyosema sijakasirika. Watu walishika mbavu.

Alipochoka akaketi kwenye mchanga karibu na kichwa cha marehemu, akampigapiga shavuni. Akasema, "Lakini jamani, mmeona? Mzee ameanguka, tumekuja bwawa zima, na hakuna jicho lililolowa. Langu hili linatoka machozi, ila ni ugonjwa. Mimi nilizaliwa pale kwenye yale matete. Huyu naye alizaliwa mwaka huohuo, hapohapo. Alikuwa mnene, anaogopa vyura. Tulikuwa tunamficha tukiwaona. Sasa amekufa na ghala limejaa, na anayemlilia hayupo."

Tembo akaacha kutafuna. Wengine wanasema sikio moja la Kiboko lilicheza. Mimi sikuwapo, siapi.

"Haya, tuzike," akasema Kalunde. "Hatuwezi kumbeba. Tunamzika alipolala."

Nguchiro wanajua kuchimba kuliko mnavyojua kula. Kwaru, kwaru, kwaru, udongo juu ya tumbo. Kwaru, kwaru, udongo kifuani. Maganga, ambaye siku hiyo alifanya kazi kwa mara ya kwanza maishani, akatupa udongo mkono mzima, ukaingia puani.

Chyaaaa!

Udongo ukaruka, Maganga akaruka, Korongo akasimama kwa miguu yote miwili. Kiboko akasimama, tope kichwani, anatweta. Wengine wote walirudi nyuma. Kalunde peke yake alibaki mbele yake, na akilinganishwa naye alikuwa mdogo kama kucha.

Akamwuliza kama siku zote, "Umekasirika, mtani?"

Kiboko akafungua mdomo kusema lile neno lake. Likamkwama. Akamtazama Kalunde, akatazama ghala tupu, akamtazama yule bibi aliyekaa mchangani. Akasema, "Nimekasirika. Nimekasirika tangu siku ya kwanza. Na nimesikia yote, na hilo la vyura nalo limeniudhi."

Bwawa zima likasema aaa.

Korongo akakohoa. Akasema, "Desturi inasema aliyekasirika anatozwa faini, na faini anaitaja mtani."

Maganga akanong'ona, "Mwambie tukae hapa mwaka mzima." Watoto wakasema, "Mwambie atuachie mgongo." Ngiri akasema, "Mwambie alifunge ghala moja kwa moja." Kiboko akainamisha kichwa, anasubiri.

Kalunde akasema, "Faini yetu ni moja. Sogea."

"Nini?"

"Sogea, mzee. Umelala mahali pa mama kushukia."

Kiboko akaangalia chini, akaangalia mchanga. Akasogea. Akataka kwenda mbali kabisa kwa aibu, Bibi Nyamizi akamwita, "Ishia hapo hapo, jua ni kali, nipe kivuli." Akaishia hapo.

Bibi akashuka, mguu mmoja, halafu mwingine. Maji yakamfika kifundoni. Akakaa, akatulia. Watoto, wajukuu, Kalunde, mke wa Maganga, hata Maganga, wakaingia mbele yake, mahali macho yake yanapofika. Akawatazama. Alianza kuwahesabu, akafika sita akakosea, akaanza tena, akafika tisa akakosea, akaanza tena. Akasema mbona mnacheza-cheza, simameni nione vizuri. Wakasimama kumi na wawili mstari mmoja ndani ya maji, kimya, mpaka akamaliza.

Hadithi yangu naitua hapa.

Tumeipokea.

Anayeitaka aibebe, asiyeitaka airuke, asiikanyage.

Hatukanyagi.

Na funzo? Lazima liwepo, mama zenu wataniuliza. Funzo ni hili: likizo ya ukoo ni ya wenye maboga mengi. Wazee wabaki nyumbani, kila kichwa kilipe chake, na mwenye nguvu msimtanie kamwe. Hayo aliyasema Maganga njiani wakirudi, na nawaombeni myashike vizuri. Alipoyasema alikuwa ameshiba kuliko wote, na mama yake alikuwa amempanda mgongoni.